Masikio Niliyopewa na Jina

Muuguzi aliita jina moja tukasimama wawili, mimi na mjukuu wangu. Watu kwenye benchi walicheka. Sisi tuliotoka mkoa wa kati ndivyo tulivyo: binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na mwanangu alifuata desturi akanipatia wajina, ambaye sasa ana miaka sita.

Tulikuwa hospitali hapa Eldoret kwa sababu mtoto akiitwa haitiki. Mama yake alisema ni televisheni. Mimi nilikuwa na jibu la zamani ambalo sikupenda kulitaja. Daktari akamchungulia masikio, kisha, ajabu, akamchungulia pua. Akauliza kama anapiga chafya asubuhi. Nikasema sana, hasa wakati mahindi yanatoa maua.

"Shosho, huyu si kiziwi," akasema. "Hii ni aleji. Pua ikifura, kale kanjia kanatoka nyuma ya pua kuenda kwa sikio kanafungika, sasa maji inabaki huko ndani nyuma ya ngoma ya sikio. Si kila mtu wa aleji hupata hivi, lakini huyu amepata."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, na nadhani hapo alianza kuwa na wasiwasi na masikio yangu mimi.

Rafiki yangu, wacha nikueleze kilichonishtua. Uhuru ulikuwa bado mpya wazee wetu walipochangishana wakanunua shamba la mzungu upande wa Soy. Tulishuka kwenye lori na kuku na masufuria, na familia yetu ikagawiwa banda la kukamulia ng'ombe. Harufu ya maziwa yaliyochacha haikutoka mle ndani hata tufanye nini, lakini baba alijigamba kwamba kabla yetu hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulala juu ya sakafu ya simiti. Nje kulikuwa na ngano tu mpaka macho yachoke. Jioni githeri ya mahindi na maharagwe ilichemka kwa kuni za muwati, na jirani yetu Mnandi alituletea maziwa ya kibuyu yenye majivu, akasimama kutazama nitakavyokunja uso.

Nilipapenda. Ila nyasi zilipochanua, na baadaye kombaini ya kuvuna ngano ilipoingia shambani na vumbi likatanda, macho yaliniwasha na pua ikafunguka kama bomba. Baada ya wiki moja au mbili, sauti za watu zilianza kunifikia kama zimefunikwa blanketi. Nikimeza mate, kitu ndani ya sikio kililia tak, dunia ikarudi mara moja, kisha ikaondoka tena.

Kilichowachanganya watu ni kwamba mambo haya yalikuja na kwenda. Mwezi wa kwanza, kila kitu kimekauka, nilisikia hata panya juu ya mabati. Mwezi wa nane mama angeita mpaka koo limkauke. "Anasikia akitaka," alisema. Mwalimu naye alisema sikio la kufa halisikii dawa, akaja nyuma yangu na kiboko, na kwa kuwa sikumsikia akija, nikawa nimemthibitishia.

Nyanya, mama ya baba, ndiye pekee ambaye hakunilaumu. Yeye mwenyewe hakusikia vizuri tangu zamani, na aliongea kwa sauti ndogo sana akidhani anapiga kelele. Nilikuwa wajina wake, na kwetu wajina si mjukuu tu, ni nyanya mwenyewe aliyerudi kuwa mtoto. Baba aliniita mama. Nilivyotembea, nilivyochukia vitunguu, vyote vilisemwa ni vyake. Basi wanawake wakamtania kisimani, "Umempa jina, ukampa na masikio!" Wao walicheka, yeye hakucheka. Kila niliporudi na alama za kiboko miguuni alizipapasa akisema, "Ni mimi. Ni mimi nimekufanyia hivi." Hakuna aliyefikiria hospitali. Utalipelekaje jina hospitali?

Akafanya alivyoweza. Alinitia mafuta ya kondoo sikioni yakiwa vuguvugu. Na kila mavuno alimwaga nyasi kuukuu za godoro letu, akalijaza majani mapya ya ngano yaliyonukia jua, akanipa upande ulionona. Nililala humo na pua imeziba. Nilipomsimulia daktari haya naye akaniuliza zamani tulikuwa tunalalia nini, nilicheka, kisha nikalia, na mjukuu akaniangalia asijue afuate lipi.

Kisha, kule Soy, mke wa baba mdogo akazaa binti wa kwanza. Jina lilijulikana kabla mtoto hajazaliwa. Nyanya akakataa.

"Jina hili lipumzike," alisema. "Msimpe mtoto mwingine haya masikio."

Mama akimkatalia mwanawe jina lake, ni kama amemkana. Baba mdogo alihamisha vyombo vyake hadi upande wa pili wa shamba, na hakukanyaga kwetu tena. Nyanya alikaa mlangoni akitazama moshi wa jiko la mwanawe. Nilijua chanzo ni masikio yangu, na niliona haya hata kuomba chakula.

Sasa daktari huyu kijana ananiambia hata masikio yangu yalizibwa na nyasi! Nilitaka kukimbia kwenye kaburi la nyanya nimwambie hana hatia. Kwanza nikauliza kama jambo hili hurithiwa.

"Aleji? Inatembea sana kwa familia," akasema.

Hapo nikachanganyikiwa upya, kwa sababu nilimkumbuka nyanya wakati wa mavuno, leso puani, akipiga chafya saba mfululizo. Kwa hiyo alinipa, au hakunipa? Na binti wa baba mdogo, aliyenyimwa jina, hupiga chafya kutushinda sote na husikia hata ambacho hujasema. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa kando yangu anakula biskuti.

Banda lile lilibomolewa. Shamba limekatwa ploti, zina mageti ya chuma, na hakuna anayejaza godoro majani. Masikio yangu yalipona yenyewe nilipokuwa na miaka kumi na moja hivi, lakini nyanya hakungoja kuona. Alitutoka wakati wa mavuno, nikiwa na miaka tisa.

Siku moja kabla, aliniita kitandani akawatoa wengine. Alinishika mkono akaongea maneno mengi kwa ile sauti yake ndogo. Masikio yangu yalikuwa yamejaa. Niliona midomo tu, nikalipata neno moja, "jina". Kisha akanitazama, kama mtu aliyeuliza swali. Niliogopa kumwambia sijasikia, kwa kuwa angesema tena ni yeye. Nikaitikia kwa kichwa. Akatabasamu, akaniachilia mkono.

Labda aliniomba jina liishie kwangu. Labda alikuwa amebadili moyo, akitaka lirudi kwa watoto na mwanawe arudi nyumbani. Mwanangu alipokuja kuniambia binti amezaliwa na ataitwa mimi, nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele, na sijui kama siku hiyo niliitimiza ahadi ile au niliivunja.