Tumbo Asilolikanda Bi Tausi

Bi Tausi wa Kigombe haoni tumbo akaliacha. La mzazi, la mwenye chango, hata kitambi cha mwenyekiti wa kijiji, yote yamepita mikononi mwake na mafuta yake ya nazi. Mwenye tumbo akipiga kelele huambiwa anyamaze, fundi yumo kazini.

Basi mjukuu wake Semeni alipovimba chini ya mbavu za kulia, bibi alishapasha mafuta. Mama mtu akamwahi, akamkimbiza mtoto hospitali, Tanga mjini. Bibi akafuata, kwa shari tu.

Daktari Loveness alimwamkia shikamoo, akatazama picha ya tumbo, akasema ini lina mfuko wa maji, umeletwa na minyoo ya mbwa. Mtoto atameza dawa, kisha atapasuliwa.

"Ila bibi, asikandwe. Mfuko ukipasukia ndani, anaweza kufa."

"Mbwa?" Bi Tausi akawaka. "Sie Waislamu, mwanangu! Kwetu mbwa hata kivuli chake hakiingii!"

"Mkichinja, ini lenye vifuko vya maji mnalitupa wapi? Mbwa akilila, hupata minyoo hiyo, na mayai yake humganda manyoyani."

Kila Idi ya kuchinja, ini bovu la mbuzi hulirusha Bi Tausi mwenyewe ng'ambo ya ua, kwa mbwa wa jirani yake Castory, na kujihesabia thawabu. Na Semeni hushinda huko akimpapasa mbwa huyo, kisha anakula kwa mkono uleule.

Miezi ya dawa ilikuwa mirefu. Wambea wakanong'ona kwamba fundi kashindwa na wa nyumbani kwake. Iliniuma mimi jirani, sembuse yeye. Mikono ilipomuwasha alikanda unga, akatulisha chapati mtaa mzima mpaka tukanenepa kwa ugonjwa wa mtoto wa watu.

Siku moja Semeni alimshika kanga. "Bibi, panauma. Nikande kidogo tu."

Bi Tausi akaikalia mikono yake, akalia kama mtoto.

Semeni alipasuliwa, akapona. Idi iliyofuata ini bovu lilifukiwa kwenye shimo refu, mbwa wa Castory akatukanwa matusi nisiyoweza kuyaandika. Jioni mtoto akajilaza mkekani, akafunua kovu.

"Bibi, sasa je? Daktari karuhusu."

Bi Tausi akanawa, akachovya mafuta, akaanza na nyayo. Akapanda taratibu. Alipofika magotini akasita, akarudi nyayoni.