Laptop Iliyotekwa Msibani

Mwanajuma ni fundi simu pale Kisarawe mjini, na ukimpelekea simu iliyotumbukia chooni atakusema kwanza, kisha ndiyo aishike. Mdomo anao, mikono anayo, na cheko lake linasikika hadi kwa muuza chipsi. Jambo moja tu liliwahi kulizima cheko hilo kutwa nzima, nalo lilikuja kwa barua pepe, kwenye anwani ya marehemu mdogo wake ambayo bado huifungua.

Barua ilitoka kwenye tovuti ambako waandishi wa programu duniani kote huhifadhi kazi zao. Kampuni moja kubwa ya gemu ilikuwa imelalamika kuhusu hakimiliki, basi tovuti ikafyeka mradi mzima wa programu inayoifanya simu ijigeuze mashine ya gemu za zamani. Nakala zote zilizotokana na mradi huo zikaondoka nazo, ikiwemo ya Mudathir, huyo mdogo wake.

Jamani, Mudathir! Kijana alikuwa amekesha mwaka mzima akiikata na kuipunguza programu ile ili ikubali kwenye simu za bei chee. Na pembeni ya mistari ya msimbo alikuwa akiandika maneno yake ya utani, maneno ambayo mashine haiyasomi, ni ya binadamu tu. “Mwanajuma akiuliza kama nimekula, sijala.” Tangu amzike, dada mtu akimkumbuka sana hufungua ukurasa ule, akasoma, akacheka peke yake kama mwehu, akarudi kwenye simu za watu. Sasa ukurasa haupo.

Na laptop je? Hapo ndipo roho ilipomuuma. Laptop aliisafisha kwa mikono yake mwenyewe, akafuta kila kitu, akampa binamu yao wa Maneromango. Si kazi yote iko mtandaoni? Nani angeigusa? Ama kweli!

“Haki zao ni zao, sawa,” aliwaambia wateja kwa hasira. “Lakini mdogo wangu kawakosea nini?”

Akiwa katika kufoka huko ndipo alipomkumbuka Magembe.

Magembe ni Msukuma, wazazi wake wanafuga ng'ombe Magindu, na yeye ana duka la dawa za mifugo Kibaha. Yeye na Mudathir walisoma pamoja, na nakala ile ya programu waliihangaikia pamoja. Tena kina Mwanajuma ni Wazaramo, na Mzaramo na Msukuma ni watani, na mtani msibani humkasirikii. Siku ya mazishi Magembe alilia kwanza, akalia hasa, kisha akafuta kamasi, akaingia ndani, akatoka na laptop ya marehemu kwapani. “Mzaramo ngoma kwanza, kazi baadaye,” aliwatangazia waombolezaji. “Huyu kazi hakuimaliza, naichukua mimi!” Wanawake wakacheka huku wanalia. Akakaa nayo hadi arobaini, na hakuirudisha mpaka alipopewa jogoo.

Mwanajuma akafunga banda, akapanda gari hadi Kibaha. Hata salamu hakutoa.

“Mtani, ile laptop ulipokaa nayo, uliifanya nini?”

“Niliiba,” alijibu Magembe, huku akimfungia mteja dawa ya kupe. “Niliiba kila kitu kilichokuwemo. Wewe ulidhani jogoo mmoja ananitosha?”

Chini ya kaunta, kati ya maboksi ya dawa, kijikompyuta kilichounganishwa na mtandao kilikuwa kinaunguruma. Kazi yote ya Mudathir ilikuwamo, na Magembe alishaifungulia mlango, hata waandishi wenzao wa nje waliofutiwa kazi zao waliingia humo kuichukua. “Huku mwenye nyumba ni mimi,” alisema. “Mwenye lalamiko aje tulalamikiane, chai nitampa.”

Mwanajuma alivuta stuli, akaanza kusoma. Ile ya “sijala” ipo. Zote zipo. Akafika mahali pameandikwa: “Sehemu hii kaandika Magembe, ndiyo maana gemu inakwama kama ng'ombe kwenye tope.” Alicheka mpaka akashika ubavu, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Kisha, ufundi ni ufundi, akajaribu gemu yenyewe. Haikukwama. Akaangalia mistari iliyo chini ya yale maneno, akaona imerekebishwa yote, vizuri kabisa, baada ya msiba.

“Wewe, mbona umeshairekebisha?” aliuliza. “Tusi umeliacha la nini? Lifute, dunia nzima inakusoma.”

Magembe aligeukia rafu, akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

“Nikilifuta,” alisema, “atanitania nani?”