Oili ya Mfungo Sita

Kilichonipeleka Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, ni taa moja nyekundu ya oili kwenye dashibodi. Iliwaka Jumatatu tukiwa kwenye foleni ya pantoni, upande wa kwetu Kigamboni. Mama alikuwa amekaa nyuma, ninamwahisha ng'ambo hospitalini kusafishwa damu. Figo zake zimechoka, kwa hiyo huenda mara tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Akikosa siku moja tu, miguu inavimba na pumzi zinakatika. Sasa taa imewaka, injini inagonga, na mimi nimeshika usukani nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Nikaongeza kikopo cha oili palepale, taa ikazimika, tukafika. Lakini niliogopa jamani, sitaki kudanganya. Gari lile ndiyo miguu ya mama yangu.

Jioni nikampigia kaka yangu Shomari kumuuliza oili ibadilishwe kila baada ya muda gani. "Kilomita elfu tatu! Nilikwambia zamani, husikii!" Jirani yetu, ambaye hana hata baiskeli, akadakia kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba oili za siku hizi zinakwenda mpaka elfu kumi. Nikaona hawa watanitia wazimu bure, bora niende kwa wenye kazi yao.

Jumanne saa moja na nusu asubuhi nilitoka nyumbani. Mama hana kliniki siku hiyo. Nilimwachia uji kwenye chupa, akanitazama nikifungua boneti kama mtu anayejua anachotafuta. "Usije ukaliacha huko," akasema. "Kesho Jumatano." Kana kwamba sijui.

Saa mbili kasoro nilikuwa kwenye foleni ya pantoni, na saa tatu kasorobo ndiyo tukavuka. Nilikuwa peke yangu, basi nikazima injini, nikashusha vioo, nikajipepea na gazeti. Nikiwa na mama sithubutu. Joto lile lingemmaliza, kwa hiyo huacha injini inanguruma na kiyoyozi kinapuliza tangu tunapofika mpaka tunapanda pantoni, na wakati wa kurudi ni vilevile. Sikuwahi kuona kama hilo lina uhusiano wowote na oili.

Kutoka Magogoni, pantoni inakotushushia, hadi Gerezani si mbali, ila mji ulikuwa umeshaamka. Mikokoteni imebeba marobota, bodaboda wanapita kulia na kushoto, basi la mwendokasi linapita kwenye njia yake bila kumjali mtu. Gerezani kila mlango una kipande cha gari: taa, bampa, milango mizima imesimamishwa ukutani. Nikaingia duka la oili. Kijana wa dukani akanipokea, "Mambo, mama?"

"Mambo yako mwenyewe. Shikamoo imepotelea wapi?"

Akacheka. "Shikamoo, mama yangu, nisamehe."

"Marahaba. Nataka oili. Inakaa muda gani?"

Akanionyesha galoni la lita nne. "Hii elfu kumi, mama. Unasahau kabisa." Nikalichukua, na filta yake, lakini maneno ya muuzaji nikayaacha palepale kaunta.

Saa nne nilimpata fundi Maneno, mtu wa Lindi, rika langu, ambaye Shomari alinielekeza kwake. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwenye kitambaa, akanusa. Uso ukabadilika.

"Dada, mara ya mwisho kumwaga lini?"

"Niliweka jana tu. Na kila baada ya miezi miwili naweka, sikosi."

"Nimekuuliza kumwaga. Unaweka au unamwaga?"

Nikamweleza ninavyofanya. Pale kwetu huwa nasimama kando ya barabara, namwambia kijana, "Weka oili," naye anaweka. Mimi sishuki, nipo na mama, tunazungumza yetu.

"Anaweka ngapi?"

"Kikopo kimoja."

"Na chini anafungua?"

"Chini wapi?"

Weee! Alicheka yule bwana mpaka akakaa kwenye tairi. Nikakasirika, halafu nikaona aibu, halafu nikacheka na mimi. Mficha uchi hazai, nikamweleza yote. Tangu ninunue gari, mwaka na miezi minne, sijawahi kumwaga oili hata siku moja. Nimekuwa nikiongeza mpya juu ya ile kuukuu.

Akaingia chini ya gari, akafungua nati. Oili ilitoka nyeusi tititi, nzito, inashuka polepole kama uji wa ulezi ulioungua.

"Lakini nimetembea kilomita elfu nne tu!" nikajitetea.

"Hizo za magurudumu. Injini ikiwaka ukiwa umesimama, kilomita hazisogei, lakini oili inaungua. Unasimama sana?"

Hapo ndipo nikaikumbuka foleni ya pantoni. Nikamhesabia: kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki, kiyoyozi kikipuliza. Maneno hakucheka tena.

"Basi kilomita achana nazo," alisema. "Anayekwenda Lindi moja kwa moja atahesabu elfu tano. Wewe hesabu miezi. Kila miezi mitatu umwage, ubadilishe na filta, hata kama hujafika popote. Na kila Ijumaa asubuhi, kabla hujawasha, chomoa kijiti utazame."

"Injini imekufa?"

Alifunga filta, akamimina oili mpya, akaniambia niwashe. Nikawasha. Ikagonga mara mbili, tatu, kisha ikatulia. Maneno akainamisha sikio kwenye boneti kwa muda mrefu.

"Umewahi," akasema. "Ila umewahi kwa tundu la sindano."

Saa nane mchana nilivuka kurudi, na saa tisa nikawa nyumbani. Mama alikuwa mkekani anachambua mchele. Nikamsimulia yote, hata ile ya kikopo, maana angekuja kuisikia kwa Shomari.

"Loh! Mimi nasafishwa mara tatu kwa wiki," akasema, "mwenzangu gari tangu mwaka juzi hajaoga!" Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Nikatoa kikadi alichonipa fundi niandike tarehe. Akanizuia. Mama hajawahi kuhesabu kwa kalenda ya ukutani, yeye huhesabu miezi ya Kiislamu. "Sasa hivi mfungo gani?"

"Mfungo Sita."

"Basi tena Mfungo Tisa, halafu Ramadhani, halafu Mfungo Tatu tukichinja, mpaka Sita tena. Mwezi ukiandama, unamwaga. Nitakukumbusha."

Kisha akarudi kwenye mchele wake, akaokota kijiwe, akakitupa.

"Na nisipokuwapo," akasema, "mwezi utaandama vilevile. Utazame."

Nikaandika kikadi kama alivyosema: Tisa, Ramadhani, Tatu, Sita. Kesho yake, Jumatano, saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshavaa, ameketi kiti cha nyuma, ananisubiri niwashe.