Kovu Langu Halikukubaliwa Kariakoo

Mimi ni mtu wa Kigamboni, na nikishakaa barazani kwangu hata kivuli huchoka kunisubiri, kikahama peke yake. Kilichoning'oa ni barua ya mdogo wangu. Binti yake Neema, wa miaka minane, amerudi kutoka matibabu ng'ambo: damu yake ilikuwa na saratani, wakamtia uboho wa kaka yake. "Njoo Ijumaa uchanjwe mafua, ndipo umwone."

Augue yeye, nidungwe mimi? Nikanusa mkono wa shemeji, mke wa mdogo wangu, katika jambo hili. Yule binti wa Moshi mwenye duka la vitenge nilimshuku siku zote kwamba anatafuta namna ya kupunguza ndugu wa mume.

Saa mbili asubuhi, Magogoni. Nikashuka kwenye pantoni, nikatembea hadi Kariakoo huku wachukuzi wakinifokea: "Pisha mzee, utauzwa pamoja na mzigo!"

Saa nne, nyumbani kwao. Mlango umefungwa, barazani beseni la maji, na sabuni. Sabuni, miaka ile ya kuipangia foleni madukani! Nani humnawisha mgeni kabla chakula hakijanukia?

"Ukichanjwa utaingia, shemeji," akasema mke wa mdogo wangu pale barazani. "Nesi huyu hapa."

"Nilishachanjwa." Nikapandisha mkono wa shati, nikaonyesha kovu langu la utotoni.

Nesi akacheka. "Hilo la ndui, mzee. Mafua hayaliogopi."

Dirishani kikatokea kichwa chenye nywele changa. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mama."

Neema naye akaonyesha bega. Kovu kama langu. "Hata mimi ninalo. Ila daktari anasema damu yangu mpya haikumbuki chanjo yoyote. Naanza upya, kama kichanga."

Nesi akaeleza kwamba Neema keshadungwa ya mafua, lakini damu changa hivyo huenda isiishike vizuri. Mafua ya kunilaza mimi siku mbili yangeweza kumuua.

Nikafumba macho, nikadungwa, nikanyanyuka niingie.

"Bado," akasema shemeji. "Dawa inataka wiki mbili ikolee."

"Nilijua tu! Ndugu wa mume!"

Akanitazama, macho mekundu. "Mama yangu katoka Moshi juzi. Analala kwa jirani, naye anangoja wiki zake mbili."

Nikakaa chini ya dirisha, nikapiga soga na Neema hadi adhuhuri.

Alasiri, kwenye pantoni, aliyekaa kando yangu akakohoa. Nikageuza uso.

"Vipi ndugu, unanishuku?"

"Wewe na mimi, sote wawili."

Nilichojifunza ndicho hicho: safari nzima nilimtafuta mwenye hila, kumbe wa kuogopwa alikuwa mgeni mwenyewe, na kovu lake.

Wiki mbili baadaye nilirudi, nikanawa bila kuambiwa, nikagonga dirisha.

Shemeji akafungua mlango.