Udi Ndani ya Gari

Leo mke wangu amefukiza udi sebuleni, na akilini nimeliona tena gari jekundu la baba, la Kimarekani, la toleo maalumu. Majira ya baridi hakuliendesha kabisa, akihofia kutu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Alilifunika kwa kanga za mama kwenye gereji ya kukodi kule Malvern, mtaa tulioishi ughaibuni. Siku ninayoikumbuka alikuwa analiuza ili tununue nyumba, tuache kupanga chumba cha chini ya ardhi.

Mnunuzi alikuwa njiani baba alipofungua mlango wa gari, moshi ukampiga usoni.

"Mama watoto! Umelifukiza gari?"

"Mgeni anakuja. Ulitaka anuse petroli?"

"Huyu anataka harufu ya kiwandani!"

"Basi mwambie kiwanda ni mimi."

Mnunuzi, mzee wa Kizungu, akafika, akaketi ndani, akavuta pumzi. Baba alikuwa ameikumbatia kanga moja aliyolifunua nayo. Mzee alipapasa kiti kisicho na mkwaruzo hata mmoja.

"Nalichukua," alisema, "lakini hiyo harufu mnaipata wapi?"

Mama akamfungia udi kidogo kwenye pindo la kanga ileile. Tulirudi kwa basi, na njia nzima baba alinusa vidole vyake vilivyobaki na harufu ya udi, akitabasamu.