Siku Nilipomtemea Mama Mkwe Maji

Nikisema nilimtemea mama mkwe maji usoni mtafikiri natia chumvi, lakini ni kweli, na watoto wangu wawili ni mashahidi. (Kwetu hapa Kibabi, hata kukohoa mbele ya mama mkwe mtu anafikiri kwanza.)

Tangu mke wangu afariki, Neema wa miaka minane na Baraka wa mitano walikuwa wakipigana kila siku, nami nikawatungia mchezo: ukikasirika unajaza maji mdomoni, unatulia mpaka hasira ishuke, kisha unayatema nje na kusema kilichokuuma. Ukimeza, umeshindwa. Mimi mwenyewe nilimeza siku moja, Neema akaniita mwongo, na alisema haki.

Basi Jumamosi Baraka akapindua sufuria ya maharagwe, chakula chetu chote cha mchana, nami nikajaza maji. Hapo hapo pikipiki ikasimama mlangoni, akashuka mama mkwe kutoka Bweremana. Alikuwa ametuma habari kwamba anakuja kuona kama mwanaume peke yake anaweza kulea, la sivyo atawachukua wajukuu wake. Ningemeza tu, yangeisha, lakini Neema alikuwa ananitazama koo.

"Jambo, Papa Neema."

Nikainama. Akangoja. Nikainama tena.

"Iko mugonjwa?" akamuuliza Neema.

"Hapana, Koko," Neema akamjibu bibi yake. "Iko na kasirani."

"Kasirani na mimi?"

Nikatikisa kichwa, nikapunga mikono, nikaonyesha sufuria, na Baraka nyuma ya bibi yake akavimbisha mashavu na kusema, "Papa iko sawa chura." Nikacheka. Maji yote yakamrukia mama mkwe usoni mpaka kitambaa chake cha kichwani kikalowa.

Nilipiga magoti nikaeleza kila kitu, hata ile siku niliyomeza. Mama mkwe akajifuta polepole, akamgeukia Neema.

"Na wewe, unajazaka maji juu ya nini?"

"Wakati watu wanasema Mama alienda safari. Mama alikufa."

Mama mkwe akaketi chini, kwenye maharagwe yale yale.

"Ni mimi njo nilisema vile," akasema. "Unisamehe, mutoto yangu."

Wakalia wote wawili, na Baraka akawaletea kikombe cha maji.

Jumatatu mama mkwe alirudi Bweremana peke yake. Mchezo tunaendelea nao, ila mimi nimeapa: siku hizi nikijaza maji nageukia ukuta.