Klempu Moja Bado

Mwaka huo hapa Kagongwa tulikula wali mpaka watoto wakaanza kuulizia ugali. Mpunga ulikubali. Mbwa wangu alinusa ukoko akaondoka zake. Watu walikuwa na shibe, na mtu akishiba anapata muda wa kuja kucheka uani kwa mwenzake.

Uani kwangu mjukuu wangu ana gereji. Ni msichana, ni fundi magari. Namwita mke mwenzangu. Siku hiyo alikuwa na gari la zamani la mwenye duka mmoja wa Kahama, aliloachiwa na baba yake, linang'aa kama sahani ya harusi. Mwenyewe alikuwa anahamia Njombe kwenye baridi, akataka hita ifanye kazi. Mafundi wengine walimwambia ile wanayowaambia watu wote: hita ya nini huku kwetu? Ikivuja unaikata, unaunganisha mipira miwili, maji yanarudi kwenye injini, kwisha. Mjukuu wangu akasema ataweka mpya. Ile rejeta ndogo ya hita ililetwa na basi kutoka Dar, imefungwa kwenye gazeti, haizidi kitabu cha nyimbo za kanisani.

Ili aifikie alifungua dashibodi nzima. Nyaya zikaning'inia kama utumbo wa mbuzi. Alilala chali chini ya usukani, miguu nje. Mimi nikaenda kinuni, kunakokobolewa mpunga, kuwaita wanawake. Hakunituma mtu. Nilitaka wamuone.

Walipofika, mmoja wao, muuza pumba, akasema, "Hita Kagongwa? Si angeliegesha juani tu."

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Na huyu akiolewa, mumewe atapikiwa spana."

Kifua kikaniwaka. "Mke mwenzangu, washa waone."

"Bibi, subiri. Klempu moja ya kubana mpira bado sijaikaza."

"Utaikaza baadaye. Washa."

Mbele ya watu mjukuu hamkatalii bibi yake. Aliniangalia kidogo, akawasha.

Injini ikapata moto, na upepo wa joto ukaanza kutoka chini miguuni. Muuza pumba akaingiza mkono, akautoa haraka. "Kweli, mama. Linapuliza kama jiko." Nikapiga kigelegele mimi mwenyewe. Nilikuwa bado nakipiga mpira ulipochomoka kule ndani na maji ya moto yakaruka. Mjukuu wangu alishapeleka mkono kuuzuia, maana alijua ni upi. Ngozi ilinyanyuka kama utando wa maziwa.

Zahanati walimfunga bandeji mpaka kiwiko. Kesho yake aliikaza ile klempu kwa mkono mmoja, mimi nikimshikia tochi. Akasema, "Bibi, mulika hapa, siyo usoni kwangu." Basi. Afadhali angenitukana.

Mwanangu, baba yake, anasaga mawe ya dhahabu Geita. Alikuja na vumbi lake kwenye nyusi, akanisalimia, kisha akamuuliza binti yake kilichotokea.

"Mpira uliteleza, baba."

Hakuniangalia. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Niliendelea kupepeta, na mchele ulikuwa umeshatakata zamani.

Msichana alipoenda kulala, mwanangu akavuta kigoda. "Mama, umeona mkono ule. Hii kazi imemshinda, hana uangalifu. Nikimwambia mimi ananibishia, wewe anakusikiliza. Mwambie aache. Namchukua Geita, akae dukani na mama yake auze mapazia."

"Simwambii aache."

"Mpaka aungue uso?"

Nikaweka ungo chini. "Hakuteleza mtu. Yeye alisema klempu moja bado. Mimi ndiye niliyesema awashe, ili wanawake wa kinuni wamuone. Aliniheshimu, akaungua."

Alivua kofia, akaitazama ndani. Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze, mwanangu niliyemzaa.

"Haya, kosa ni lako," akasema taratibu. "Lakini kovu ni lake. Watu hawataliita kovu la bibi. Kama unaona uchungu kweli, basi mwokoe. Mwambie."

Hapo alinipata, kwa sababu uchungu ninao, na kusema neno hilo moja kungenipunguzia. Ningelala. Yeye angekaa kwenye mapazia akijua ni mimi niliyemuunguza, na ni mimi tena niliyemtoa gereji.

"Simwambii aache."